Kucha za Ijumaa

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa chuma wa mabanda, Ami Mnawar alivua kofia yake nyekundu ya sufu, akaibana kwapani, akaweka sikio la kulia kwenye mlango na kusikiliza. Ukimsalimia wakati huo hakuitikii, hata kama wewe ni mkubwa wa kituo chetu cha utafiti. Alikuwa akisikiliza kucha. Mbwa kumi na wawili waliokuwa ndani waliijua hatua yake tangu getini, na wakiinuka kumpokea kucha zao ziligonga sakafu ya saruji, kila mmoja kwa mlio wake. Kwa hiyo sauti alijua nani ameamka vizuri, nani anaburuta mguu, na nani hakuinuka kabisa. Kisha alivaa kofia, akasema bismillahi, akafungua.

Wengi wetu kituoni tulidhani ni mazoea ya uzee. Lakini mbwa akishaumwa na usubi, kile kidudu kidogo kuliko mbu, akapata leishmania, kucha ndizo husema mapema. Manyoya humtoka kuzunguka macho akaonekana kama kavaa miwani, ngozi hubabuka kama unga, pua hutoka damu, figo huanza kushindwa. Na kucha hurefuka, zikapinda kama ndoano. Mbwa wa namna hiyo humsikii akitembea. Unamsikia akigonga.

Ami Mnawar aliijua sauti hiyo kabla ya kutujua sisi. Alichunga kondoo miaka thelathini kwenye vilima vya Tebursuk, na alikuwa na mbwa aliyeitwa Dhibu. Dhibu alipoanza kugonga, wachungaji wenzake walimwambia kuwa ugonjwa huo hauna dawa na utawaingia watoto. Akaazima bunduki kwa jirani, akaenda na Dhibu nyuma ya kilima, akarudi peke yake. Hayo alinisimulia mkewe, Halati Mongia, kwa maneno machache kama hayo hayo. Mwenyewe hakuwahi kuyataja. Kondoo alipowauza, alikuja kuomba kazi kwetu, akapewa ya kulisha mbwa na kusafisha mabanda.

Kiangazi kile Daktari Raudha alianza kujaribu dawa mpya. Mbwa walitoka kwa wafugaji waliokwisha kata tamaa. Sita wangepewa vidonge vya kawaida, vile ambavyo humpunguzia mbwa mateso bila kumponya sana, na sita wangepewa dawa mpya, nayo vidonge vinavyofanana na vile. Nani anapata ipi hatukutakiwa kujua. Bwana Feridi, mfamasia, ndiye aliyefungasha dawa kwenye pakiti zenye namba za mbwa, na orodha yake ikafungiwa ndani ya bahasha yenye lakiri, kabatini. Jaribio lilikuwa la wiki kumi na mbili. Likimalizika salama, sharti lilikuwa kwamba wale waliopata vidonge vya zamani nao watapewa dawa mpya. Likiharibika, dawa inarudi Tunis ilikotoka, na mbwa waliozidiwa watachomwa sindano ya kulala, wasiamke tena.

Siku ya kwanza, Jumatatu, tuliwapima wote: uzito, ngozi, macho, pua, urefu wa kucha. Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma damu kwa darubini na kuandika namba. Daktari Raudha alimwita Ami Mnawar mbele yetu sote.

"Ami, nakuomba kitu kimoja. Usibadilishe chochote. Lisha, osha, fagia. Basi."

"Basi," alijibu.

"Na usiwape majina. Ukishampa jina, utamwongezea nyama."

"Namba tu, binti yangu. Namba tu."

Kufikia Jumatano Namba Saba alikwisha kuitwa Harisa, kama ile pilipili yetu ya kusaga. Alikuwa jike la rangi ya mchanga, na alipotolewa damu mara ya kwanza alimng'ata Bwana Feridi kiganja. "Huyu si mbwa," alisema Ami Mnawar huku akimfunga Feridi kitambaa, "huyu ni pilipili ya mtungi." Mbele ya daktari alimwita Namba Saba. Daktari akigeuka, Harisa.

Wiki ya tatu tulipima tena. Ngozi zilikuwa vilevile, au nafuu kidogo kwa baadhi yao. Lakini kucha zilikuwa fupi. Tulipima mara mbili, na zikabaki fupi. Bwana Feridi alileta makrudhi, keki ndogo za tende, kutoka kwa dada yake, tukala tumesimama, na Ami Mnawar akapewa mbili. Alikula moja, ya pili akaitia mfukoni kwa ajili ya mkewe. Hakuuliza tunashangilia nini.

Wiki ya sita zilikuwa fupi zaidi. Safari hii Daktari Raudha hakula kitu. Alikaa na karatasi zangu mezani, akazigeuza juu chini, kisha akatuita ofisini, Feridi na mimi. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto.

"Kumi na wawili," alisema. "Wote kumi na wawili kucha zimepungua. Feridi, vidonge vya zamani vinafanya hivyo kwa wiki sita?"

"Havifanyi."

"Namba Saba jana katokwa na damu puani mpaka tukamziba kwa pamba. Pua yake inasema anakufa, kucha zake zinasema anaolewa. Nani muongo?"

Feridi alivuta karatasi zangu, akaanza kuzisoma mwenyewe.

"Pakiti zimechanganyika," alisema daktari. "Sina maelezo mengine. Wote wamekuwa wakipata hii na ile."

"Miaka kumi na tisa nafungasha dawa, Raudha. Kumi na tisa."

"Sijasema umekusudia."

"Bora ungesema nimekusudia! Ukisema nimekusudia mimi ni mwizi. Ukisema nimechanganya mimi ni mjinga. Nichagulie."

"Feridi, usinipigie kelele. Jumatatu nawapigia simu Tunis. Tunasimamisha."

"Na mbwa?"

"Unajua sharti la mbwa."

Chini ya dirisha ndoo ilianguka. Tulisikia maji yakimwagika kwenye kokoto, kisha hatua, kisha mlango ukagongwa, jambo ambalo Ami Mnawar hakuwahi kulifanya kwani hakuwahi kuingia ofisini. Alisimama kizingitini na kofia mkononi. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Daktari, binti yangu. Mwache Feridi. Hizo kucha ni mimi."

"Wewe umefanya nini, Ami?"

"Nimezikata."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Zote."

Daktari Raudha aliweka kalamu chini, polepole.

"Mimi Ijumaa nakata zangu kabla ya kuoga kwenda kusali," alieleza mzee. "Kila Ijumaa, tangu mtoto. Ijumaa ile ya kwanza nimekaa pale kwenye ngazi, namaliza cha mwisho, natazama vidole vyangu, safi. Namtazama Harisa... Namba Saba. Kila akipiga hatua anajikwaa. Nikaona haya. Nikachukua mkasi wa kwato za kondoo. Uliniambia osha, fagia. Mimi najua kucha ni usafi."

"Lakini hazina alama ya mkasi! Tumezishika kwa mikono yetu!"

"Nimezipiga tupa. Kwato huiachi na makali, atamchana mwenzake."

Wiki sita tulishika makucha yale na rula, watu watatu wenye vyeti ukutani. Tulipima urefu. Ncha hakuna aliyeitazama.

"Ami Mnawar, umeniua," alisema daktari. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kucha ni moja ya vipimo vyangu. Ndicho kipimo ambacho macho hayanidanganyi. Sasa nitawaambia nini? Nina mbwa kumi na wawili waliokwenda kwa kinyozi?"

"Nisamehe."

"Msamaha siwezi kuupima kwa rula."

Mzee alibaki amesimama, maji yakimchuruzika kwenye zulia. Feridi, ambaye dakika tano kabla alikuwa mjinga au mwizi, alikuwa ameketi na mikono juu ya kichwa kama aliyeokotwa baharini. Akauliza, nadhani kwa kutaka tu kuuliza kitu:

"Na hizo kucha ulizozikata ulizitupa wapi?"

Ami Mnawar alimgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wake ulikunjamana.

"Nizitupe? Mimi? Kucha hazitupwi, Feridi. Mama yako hakukufundisha?"

"Za watu, Ami. Hawa ni mbwa."

"Zimetoka mwilini kwa kiumbe. Nimezizika."

Daktari Raudha aliinua kichwa. "Umezizika zote pamoja?"

"Pamoja vipi? Kila mmoja na zake. Siku ya kufufuliwa Namba Mbili atafute zake azikute kwa Namba Tisa, huo ugomvi ataamua nani? Wewe?"

Daktari akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Tuonyeshe, Ami. Tafadhali."

Nyuma ya ukuta wa mabanda kuna mipungate yenye miiba iliyopandwa zamani kuzuia mbuzi wa jirani. Chini yake kulikuwa na mawe sita ya mviringo yaliyopangwa mstari mmoja, nafasi sawa kati ya jiwe na jiwe. Sisi tulipita hapo kila siku kwenda kutupa taka. Ami Mnawar alipiga magoti kwenye jiwe la kwanza, akaliondoa, akachimbua kwa mikono udongo mkavu, akatoa kipande cha trei ya mayai kilichofunikwa kwa kipande kingine. Alipuliza vumbi na kufungua.

Mabanda yetu yako safu mbili, sita huku na sita huku. Trei nayo aliikata vivyo hivyo, mashimo sita huku na sita huku. Katika kila shimo mlikuwa na vipande vya kucha.

"Huu mlango," alisema akigusa ukingo mmoja. "Namba Moja anaanza hapa. Harisa yuko hapa, wa kwanza safu ya pili. Hii Ijumaa ya kwanza. Hii ya pili. Hii ya tatu ilikuwa na upepo, nikaongeza jiwe."

Daktari Raudha aliketi chini, pale pale kwenye vumbi na koti lake jeupe. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka, lakini si kicheko cha kumcheka mtu.

"Feridi," alisema, "leta glavu. Na vibandiko. Usiguse kitu kwa mkono mtupu."

"Nishike mimi?" aliuliza Feridi. "Mchanganyaji?"

"Leta glavu, Feridi, Mungu akurehemu, nimekukosea."

"Sema tena."

"Nimekukosea!"

"Sasa naleta."

Kupima kulichukua siku mbili kwa mizani ya maabara, ile inayotetemeka ukikohoa. Nilipewa visanduku vyenye namba, na nikaandika uzito wa kila shimo, Ijumaa kwa Ijumaa. Ijumaa ya kwanza haikutuambia kitu, maana ndiyo iliyokuwa na ndoano za muda mrefu. Lakini kuanzia ya pili, kila shimo lilionyesha kucha zilizoota ndani ya siku saba tu. Za mbwa sita zilipungua wazi, wiki baada ya wiki, kama maji kwenye kisima cha kiangazi. Za watano hazikupungua hata kidogo. Za mmoja, Namba Tatu, zilipanda na kushuka na mpaka leo hatujui zinasema nini. Hakuna aliyehitaji kuvunja lakiri kujua kwamba pakiti hazikuchanganyika. Palikuwa na dawa mbili mle ndani, kila moja ikifanya kazi yake kivyake. Namba Saba alikuwa miongoni mwa wale watano.

Jumatatu daktari alipiga simu Tunis kama alivyosema. Mlango ulifungwa saa nzima. Alipotoka alituambia: wanataka kosa liandikwe lote, bila kuficha, urefu wa kucha ufutwe kwenye vipimo, na mahali pake yawekwe mavuno ya Ijumaa, yaendelee kukatwa kwa mkono ule ule na siku ile ile mpaka mwisho. Jaribio linaendelea.

Ami Mnawar aliletewa karatasi ya maelezo atie sahihi. Feridi alimsomea, naye akasikiliza huku akitikisa kichwa. Palipoandikwa "alikata kucha bila idhini" aliinua kidole.

"Andika pia nilizipiga tupa."

"Hiyo inakuongezea kosa, Ami."

"Kweli haiongezi wala haipunguzi. Andika. Na andika mkimaliza kupima, zinarudi chini ya mpungate."

Likaandikwa. Nafikiri ni karatasi ya utafiti pekee nchini yenye sharti hilo.

Mjini habari ilifika kabla ya jua kuzama. Mkahawani walianza kumwita Kinyozi wa Mbwa, wakamwekea mikono mezani: "Mimi nipunguzie kidogo tu pembeni, Ami." Halati Mongia alikuwa mkali zaidi. Ijumaa moja alituletea kituoni sinia la kuskusi, akaliweka chini na kusema tukisikia sote, "Miaka thelathini na nne niko nyumbani kwake. Hajaniuliza siku moja kama kucha zangu zinaniuma."

"Wewe hugongi," alimjibu mumewe.

"Ngoja nianze."

Lakini wiki zile sita za mwisho hazikuwa za mzaha kwa yule mzee. Alijua namba zinasema nini kuhusu Harisa, hakuhitaji mizani. Asubuhi alipoweka sikio mlangoni alikaa zaidi kuliko zamani. Harisa alikuwa akiinuka wa mwisho. Kisha ikawa haamki mpaka afunguliwe. Wiki ya tisa alikataa chakula siku mbili. Ami Mnawar hakumwongezea hata tonge. Alilipenda jaribio lile sasa kama mtu anavyolipenda daraja akiwa katikati yake. Alikaa sakafuni mbele ya banda la saba na bakuli lake kamili, lile lile lililopimwa, akamwambia, "Kula, kichwa ngumu. Mimi sina ruhusa ya kukubembeleza kwa nyama. Nina ruhusa ya kukaa tu." Akakaa. Siku ya tatu akala.

Siku ya mwisho daktari alivunja lakiri mbele yetu. Alisoma namba sita za dawa mpya, na zilikuwa zile sita ambazo kucha zao zilipungua. Namba Tatu alikuwa kwenye vidonge vya zamani. Namba Saba pia. Ami Mnawar alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kuhakikisha.

"Kwa hiyo Namba Saba anapata ile mpya."

"Anapata."

"Lini?"

"Leo."

"Leo hii?"

"Ami, ukiacha kuniuliza uende ukamshike kichwa, itakuwa sasa hivi."

Alikwenda nusu akikimbia. Feridi alivaa glavu mbili mkono mmoja. Lakini Harisa hakumng'ata; hakuwa na nguvu, na Feridi akasema angetamani ang'atwe. Daktari alikuwa amepata majibu ya figo asubuhi ile. Alimwambia Ami Mnawar waziwazi: zimeumia, lakini bado zinafanya kazi. Zingekwenda wiki mbili tatu zaidi bila dawa, asingekuwa na la kumwambia. Mzee aliweka paji la uso wake kwenye paji la mbwa. Sisi wengine tukapata ghafla kazi za kufanya chumba cha pili.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili Harisa aliinuka wa kumi. Ya tatu, Feridi alitoka bandani akipeperusha kiganja chenye damu na kupiga kelele kwa furaha, "Kaning'ata! Jamani, kaning'ata!"

Dawa ile si muujiza. Daktari Raudha ameandika hivyo na mimi nimezipanga namba zake: haiufuti ugonjwa, inaulaza, na mbwa atahitaji kutazamwa maisha yake yote na kuvaa ukosi wa kufukuza usubi kila kiangazi. Lakini tisa kati ya kumi na wawili wamerudi kwenye mazizi na wanabweka. Wawili wamebaki kituoni. Wa mwisho, Harisa, hakuna aliyeuliza ataenda wapi. Halati Mongia alisema mguu wake usikanyage zulia lake. Baada ya wiki alisema usikanyage zulia la sebuleni. Sasa anakula kwenye bakuli la bluu ambalo lilikuwa la mahari, na mama mwenye nyumba anadai hajui lilifikaje pale.

Januari, wakati watu wanamalizia kuchuma zeituni, nilitumwa nimpelekee ukosi mpya. Nilimkuta Ami Mnawar nje ya mlango wa jikoni kwake. Kofia ilikuwa kwapani, sikio la kulia limelala juu ya mbao. Nilisimama nikangoja, kama tulivyozoea. Miezi yote ile nilikuwa nimeandika kila alichosema na sikuwahi kumuuliza neno. Ndani, nilijua, kuna vigae, na nilijua Harisa amekwisha kuisikia hatua yangu.

Alipoinua kichwa na kuvaa kofia, nilimuuliza, "Ami, unasikia nini?"

"Sisikii kitu, binti yangu," alisema, akafungua mlango. Harisa alikuwa amesimama pale pale mlangoni, akitikisa mkia, na kucha zake fupi hazikugonga vigae.